Radi Kavu Wanavuta Pumzi

Wimbo hukaa wapi? Nilipokuwa na masikio mazima sikuwahi kuuliza, kwa sababu aliyeshiba haulizi chungu kiko wapi. Swali lilinijia muziki ulipoanza kunitoka. Haukutoka kwa siku moja. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba, za ndege na za mbu, na sikuzililia. Kisha ikaondoka kengele ya kanisa, adhana ikabaki kama mtu anayejisemea chumba cha pili, na mwishowe muziki wote ukavunjika humo humo kichwani. Maneno bado ninayapata, mtu akinitazama usoni na kusema taratibu, maana midomo hunikamilishia kile ambacho masikio yameshindwa. Lakini gitaa, hata likipigwa na bingwa, hunifikia kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Daktari aliniambia kwamba masikio yangu yamezeeka kuliko mimi mwenyewe. Nikamwuliza mtu anaishije na kiungo kinachomzidi umri. Akakuna kichwa. Alikuwa mgeni, hajajua bado jinsi mji wetu unavyoishi na miaka.

Mji wetu umekaa katikati ya bonde la chumvi. Zamani, wanasema, lilikuwa ziwa. Maji yalipoondoka yaliondoka na jina, na sisi tuliokuja kukata chumvi hatukuona sababu ya kulitafuta jingine. Pande zote ni weupe. Hakuna mti, hakuna kilima, hakuna kitu cha kuuambia mwaka kwamba umefika na sasa upite. Kwa hiyo miaka ya huku haipangi foleni. Unaweza kukutana na mwanamke mwenye uso wa mwari na mgongo wa ajuza, ndoo kichwani, akakusalimu, ukamwitikia, kila mmoja akashika njia yake. Unaweza kuamka na magoti ya utotoni, ukala chakula cha mchana kwa meno ya uzeeni. Hatukuliona hilo kuwa ajabu. Tulisema mtu ni mkoba tu, leo umetiwa hiki, kesho kile, na mkoba hauulizwi.

Na kitu kilichokuwa na nguvu kuliko vyote ya kututia na kututoa miaka kilikuwa nyimbo za Radi Kavu.

Radi Kavu ni bendi ya hapa hapa. Walikuwa vijana wa mabanda ya chumvi, wakapata magitaa ya umeme, wakajiita kwa jina la ngurumo ile inayopita juu ya bonde letu bila kuacha tone. Walipiga roki, na waliipiga kama watu wanaobomoa nyumba ili wapate kutoka. Chando ndiye aliyeimba. Sauti yake ilikwangua na kung'arisha kwa pamoja, kama jivu kwenye sufuria. Nyuma yake aliketi Mpoki wa dramu, mtu mnene, mpole, ambaye alipoinua mikono watoto walijiziba nyuso. Mji uliozoea weupe na kimya ukagundua kwamba nao una koo. Nani angeisahau siku yake ya kwanza? Ndiyo maana, kila mara santuri zao zilipowekwa, kila mtu alirudi kwenye umri aliokuwa nao siku ile. Wazee waliinuka kwenye mikeka kwa viuno vya vijana. Santuri ilipokwisha walizeeka tena, wakairudia. Wapo waliofanya hivyo mpaka wakasahau walikuwa wametoka umri gani.

Kisha bendi ikanyamaza. Mpoki alifariki. Ilisemekana Chando amepasuliwa koo na kilichobaki humo hakitoshi hata kumwita mbuzi. Kimya hicho kilidumu hata watoto waliozaliwa ndani yake wakapata watoto wao. Halafu, bila tangazo wala vishindo, ikaja habari kwamba wazee wale wameingia katika banda lao la kale na wametoka na albamu mpya.

Sasa nimtaje mume wangu, Luhende, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifanya nitoke nyumbani siku ile. Luhende aliumbwa na ubishi. Nilimpenda kwa hilo. Siku niliyomwambia kwamba muziki umenivunjikia, alitoka kazini mapema, akaifunika mashine ya santuri kwa kanga, akasema kisichokuwa cha wote wawili hakitakuwa cha nyumba hii. Nililia kwa shukrani, nami sikujua ninachokishukuru. Tangu hapo alianza kunikubalia. Nikisema mboga haina chumvi, alikubali, ingawa ulimi wake ulikuwa ukiwaka. Nikisema mwezi uliopita ulikuwa mrefu kuliko mingine, alikubali. Mapacha wetu walipokuja kututembelea na kuniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote, yeye alikuwa amekwisha kuyaunga mkono kabla sijayatoa. Huruma ni mto laini. Lakini mto huo huo, ukiwekwa juu ya uso, mtu hufa bila jeraha.

Aliinunua albamu siku ile ile ilipofika, akaipandisha juu ya kabati bila kuifungua. Nilimwomba aipige. Nilimwambia ningekaa kando nimtazame, kisha anieleze. Alinigeukia ili nione midomo yake, akasema, "Siwezi kula mbele yako na wewe umefungwa mdomo, mama Kulwa."

Nikamwambia kwamba amejifanya mjane nami ningali hai. Akakubali.

Hapo nikavaa viatu. Kama wimbo haukai tena masikioni mwangu, niliwaza, basi unakaa mahali pengine, na mahali hapo pana watu. Ningepita mjini niwaulize wamesikia nini. Kile ambacho mume wangu amekikataa mezani kwetu, ningekiokota kwenye sahani za wenzangu.

Nilianza kwa Mbonea kinyozi. Duka lake lilikuwa wazi lakini limesimama. Mteja alikuwa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa na jingine limekauka povu, na Mbonea ameegemea ukuta, wembe mkononi. Mashine ya santuri ilikuwa imekwisha kunyamaza. Nilisalimia, wakachelewa kuitikia. Nilipomwuliza Mbonea kuna nini, alinivutia kigoda, akakaa mbele yangu, akanieleza taratibu kama mtu anayetoa ushahidi.

Alisema alikuwa ameiweka santuri ile kwa tamaa. Alitaka magoti yake ya ujanani. Alikuwa na mzigo wa kuhamisha alasiri na alitaka kuuhamisha akiwa kijana. Badala ya Chando anayemjua, ikatoka sauti iliyokwaruzika, sauti ya mtu anayeongea akiwa amelala chali. Mbonea alikasirika. Alihisi ametapeliwa, si na bendi tu bali na dunia nzima. Aliinua mkono kuondoa sindano.

"Ndipo akaishiwa pumzi, mama Kulwa," alisema. "Katikati ya mstari. Na bendi nzima ikasimama. Hawakumruka, hawakumfunika. Walimsubiri mzee avute pumzi, halafu wakaenda wote."

Nilimwuliza kama walisubiri kwa makosa, pengine walipotea. Alitikisa kichwa. Alisema wamefanya hivyo wimbo mzima, na kila mara pumzi ilipokatika mahali tofauti, magitaa yote yalisimama hapo hapo, pamoja, kama ng'ombe wanaomjua mchungaji kwa hatua zake. Mteja mwenye shavu moja aliongeza kwamba yeye, kwa muda ule, alijikuta naye amezuia pumzi yake, akaiachia Chando alipoipata ya kwake. Kisha akaona haya.

Nikamtazama Mbonea. Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwona mzima. Siku mikono yake ilipokuwa ya kijana, shingo ilikuwa ya babu. Siku macho yalipokuwa ya mtoto, kifua kilikuwa cha mtu wa makamo. Sasa alikuwa mbele yangu, mzee wa umri mmoja, kuanzia utosi hadi kwenye kandambili. Hakuwa na habari. Nami sikumwambia.

Nilitoka nikitembea ovyo. Kusubiri. Gitaa linaloweza kupasua ukuta, linasubiri. Nilidhani nguvu ni ya asiyesubiri. Nilidhani walipokuwa vijana, walipotupita kama gari lililokatika breki, ndipo walipokuwa na nguvu. Je, kama ile ilikuwa mbio tu? Nani mwenye enzi, anayekimbiza wote au yule ambaye wote wanasimama kwa ajili yake? Na mimi, ni nani aliyenisubiri? Luhende. Lakini hapana. Luhende hakunisubiri. Luhende alikata safari. Anayesubiri huendelea kushika gitaa lake, vidole viko kwenye nyuzi, anajua kwamba mwenzake atavuta pumzi na watakwenda. Aliyeweka gitaa chini na kulifunika kanga hakusubiri kitu. Niliposimama, nilikuwa nimepita nyumba niliyokuwa nikienda, nikarudi nyuma.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Kanaeli, mwanamke kijana anayeishi na baba yake. Alikuwa uani akianika nguo. Alinipa shikamoo, akanifutia benchi. Nilipomtajia Radi Kavu, alikaza uso, nami nikajua kwa nini. Mji mzima ulijua. Baba yake alikuwa mmoja wa wale walioirudia santuri ya zamani kupita kiasi. Kila ilipolia alirudi kwenye ujana wake, na ujanani mwake Kanaeli alikuwa hajazaliwa. Basi alimpita binti yake mlangoni kama mtu anayepita dada wa jirani, akaenda zake kutafuta marafiki ambao wengi walikuwa makaburini. Kanaeli alikua akimpikia mvulana aliyekuwa mdogo kuliko yeye, na mvulana huyo ndiye aliyekuwa baba yake.

Aliniambia kwamba aliposikia kuna albamu mpya alikusudia kuivunja. Alichelewa, baba yake alikuwa amekwisha kuiweka. Kanaeli akaenda kusimama mlangoni na kushika miimo kwa mikono miwili, ili safari hii asipite. Mwanzoni alicheka. Alisikia wazee wakikwaruza vyuma, akafikiri, haya ndiyo yaliyonilia baba. Kisha ukaja wimbo mmoja ambao hauna dramu. Siyo kwamba dramu zilisahauliwa. Alisema hata yeye asiyejua muziki aliona kwamba kila ala ilikuwa imebana upande, kama watu wanavyobana kwenye mkeka wakamwachia mtu nafasi ya kukaa. Magitaa yalizunguka ile nafasi. Chando aliimba akiizunguka. Na katika ile nafasi tupu, Kanaeli, ambaye hakuwahi kumwona Mpoki hata siku moja, alijua kwamba kuna mtu mnene na mpole ambaye hakuja.

"Baba akageuka," aliniambia. "Nikajua sasa ananisukuma apite. Akaniuliza kama nimekula."

Aliinama akaokota nguo iliyoanguka, akaikung'uta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilipomwuliza yuko wapi baba yake, alinionyesha kwa kidevu. Mzee alikuwa jikoni, mgongo umeinama, akimenya ndizi kwa shida na kwa bidii. Kanaeli alisema hajui afanye nini naye. Hakuwahi kuwa na baba. Hajui baba anaamkiwaje asubuhi. Lakini alisema hivyo akiwa ananong'ona, jinsi watu wanavyonong'ona mahali patakatifu, na ilinilazimu kuisogelea midomo yake.

Nilikusudia kurudi nyumbani nikiwa na hayo. Lakini nilipofika uwanja wa mji nilikuta umati, na mbele ya umati alikuwa Sekwao.

Sekwao ni mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Radi Kavu, na kwa muda mrefu alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko diwani. Yeye ndiye aliyezihifadhi santuri za zamani. Alikuwa akizipiga tangu kucha hadi kuchwa ili asitoke kamwe kwenye siku yake ya kwanza, na kwa hiyo alikuwa na uso wa kijana usio na hata kovu, laini kama yai lililomenywa. Watu walimwogopa kwa uso huo. Siku habari za albamu mpya zilipofika, Sekwao alipita mitaani akisema hiyo si Radi Kavu. Alisema bendi ya kweli haizeeki, na kwamba Mpoki peke yake ndiye aliyebaki mwaminifu, kwa kuwa amekufa. Wengi walikubaliana naye. Tulikuwa tumeikabidhi miaka yetu mikononi mwake. Yeye ndiye aliyetukopesha ujana na yeye ndiye aliyejua lini atuzimie santuri.

Sasa vijana wa redio ya mji walikuwa wamefunga spika kubwa uwanjani na wameiweka albamu ile isikike na kila mtu. Sekwao alikuwa amekuja kuizima. Nilimwona akipita katikati ya watu, nao wakimpisha, mpaka akafika ulipo waya wa umeme. Akaushika.

Nisingeweza kusikia kilichotoka kwenye spika, kwa hiyo nitasema nilichoona. Nililiona vumbi la chumvi likinyanyuka ardhini, jembamba, likaning'inia usawa wa magoti. Niliona maji kwenye ndoo ya mwanamke aliyekuwa mbele yangu yakijikunja duara ndani ya duara. Nyayo zangu zilianza kuniwasha, kisha ngurumo ikapanda kwenye miguu, ikapita nyongani, ikakaa kifuani, na nikajua kwamba huo haukuwa wimbo wa mtu anayesubiriwa. Hapo walikuwa wamefungulia. Wazee wale, kwa mikono yenye baridi yabisi na koo lililopasuliwa, walikuwa wamefungulia kila kitu walichokuwa nacho, na kilikuwa kingi kuliko cha ujanani, kwa sababu kijana hupiga kwa nguvu zake tu, na hawa walikuwa wakipiga kwa nguvu walizonazo na kwa zile zilizowatoka. Watu hawakucheza. Walisimama. Mwanamke mwenye ndoo aliitua chini polepole, akavua kandambili.

Na Sekwao alikuwa ameshika waya. Mkono ulikaza, kisha ukasahau ulichokuwa ukifanya. Nilikuwa karibu, nikaiona ngozi yake. Ujana ulimtoka usoni kama chokaa inavyobanduka ukutani, vipande kwa vipande, na chini yake kukatokea mtu. Kulikuwa na mistari ya kicheko. Kulikuwa na kovu la zamani juu ya jicho. Kulikuwa na huzuni fulani pembeni mwa mdomo, ambayo bila shaka ilikuwa na jina la mtu. Akauachia waya, akakaa kwenye chumvi. Tulidhani anakufa, na watu wawili wakamkimbilia. Akawazuia kwa kiganja. Alikuwa akijipapasa mashavu, kwanza moja, halafu la pili, na midomo yake niliiona wazi kabisa.

"Kumbe nimeishi," alisema.

Hakuna aliyemcheka. Nilitazama huku na huku, na uwanja mzima ulikuwa umejaa watu wenye umri wao. Sijui kama nitaweza kulieleza jambo hili kwa mtu wa miji mingine, ambako hilo ni la kila siku. Msichana alikuwa msichana mpaka kwenye visigino. Mama alikuwa mama mpaka kwenye kope. Wazee walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Watu walitazamana kama waliokutana kwenye msiba wa mbali, wakitambuana kwa mashaka, wakishikana mikono na kutajana majina. Bwana mmoja alimwambia mkewe kwamba hakujua ana mvi nzuri hivyo. Nami niliitazama mikono yangu. Ilikuwa na umri sawa na masikio yangu. Kwa mara ya kwanza tangu muziki unitoke, hakuna kiungo changu kilichomzidi mwenzake, nami sikuogopa.

Nikarudi nyumbani kwa haraka.

Luhende alikuwa sebuleni, ameketi, hafanyi kitu. Sikumsalimu. Nilipanda kwenye stuli, nikaiteremsha albamu kutoka juu ya kabati, nikaipasua karatasi yake, nikaiondoa kanga kwenye mashine. Aliinuka kunizuia. Nikamkalisha, nikamsimulia yote: Mbonea na wembe wake, mzee anayemenya ndizi, Sekwao kwenye chumvi. Nilimwambia kwamba nimekula kwa watu tangu asubuhi na nimeshiba, na sasa ni zamu yake, nami nitakaa hapa hapa nimtazame. Nilipoona anataka kukubali kwa namna yake ile ya siku zote, nikamkatiza. Nilimwambia sitaki akubali. Nataka asikilize.

Nikaweka sindano. Kisha nikakaa sakafuni, kiganja kwenye kitambaa cha spika, macho kwa mume wangu.

Kwanza hakukuwa na kitu usoni pake ila woga. Mchanga wangu ulimwagika kichwani kama kawaida, nikaupuuza, nikasikiliza kwa kiganja. Mtikisiko ulikuwa ukipanda. Ukakatika. Mkono wangu ulikuwa kama umebaki hewani, ngazi imekwisha.

"Sasa anavuta pumzi," nikamwambia.

Luhende aligeuka akanitazama, mdomo wazi. Mtikisiko ukarudi, wote kwa pamoja. Ulipokatika tena nilikuwa nimekwisha kuinua kidole. Hakuniuliza nimejuaje. Alisogea mbele kwenye kiti. Ulipofika wimbo wa Mpoki, kiganja changu kiliiona ile nafasi, shimo la mviringo katikati ya mtikisiko, lenye joto, nikamwona Luhende akifumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama anayempisha mtu mlangoni. Machozi yalimtoka bila kukunja uso. Na miaka yake ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kila mmoja ukatua mahali pake. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu huyu maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akiwa ametimia. Nilitaka kuinuka nimguse. Lakini nilihofu kuondoa mkono.

Ukaja wimbo wa mwisho. Huu hakuna mtu aliyenisimulia. Hakuna ngurumo ndani yake. Gitaa moja tu, nadhani, kwa sababu kiganja kiliwashwa pembeni kidogo, kama mdudu anayetembea juu ya kitambaa. Kisha pumzi. Nilizihisi, nyingi, nzito, pumzi za mtu aliyekaribiana sana na kinasa sauti. Hakuna maneno. Pumzi, pumzi, na gitaa linasubiri. Na mwishoni kabisa, Chando akasema kitu kimoja, kifupi, na mashine ikanyamaza.

Tulikaa. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumba chote na hatukuwa na haraka nalo. Baadaye nilimwuliza amesema nini.

Luhende alijifuta uso kwa kiganja. Alisema Chando amesema, "Nimechoka." Alisema ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyaimba, mzee ameweka mzigo chini, mbele ya watu, bila aibu.

Nikamwambia hapana. Mimi huishi kwa midomo ya watu, nazijua herufi kwa mapigo yake. "Ch" humwagika. "T" hugonga. Kilichogonga kiganja changu kiligonga mara moja, kama ncha ya kidole kwenye mlango. Chando amesema, "Nimetoka." Hakuweka mzigo wowote chini. Ametoka nje, yuko nje sasa, na ametuacha wazi mlango ule ambao walikuwa wakiubomoa tangu ujana wao.

Nikangoja akubali. Nilimwona akifungua mdomo kufanya hivyo. Nililiona lile "ndiyo" la miaka yote likisogea mpaka kwenye meno. Halafu likakwama. Akakunja uso. Shingo yake ikatoka mbele, na mishipa ikasimama.

"Hapana, mama Kulwa," alisema. "Hujasikia vizuri."

Alisikia alichokisema. Mikono yake ikaanza kutafuta namna ya kulirudisha neno. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kucheka. Nilicheka mpaka nikalala sakafuni, nikaona naye anaanza, bega moja, kisha la pili, na kupitia mbao za sakafu kicheko chake kilinifikia mgongoni, kizima, bila kuvunjika.

Nilipopata pumzi nilimwambia yeye ndiye kiziwi. Akasema "nimetoka" haina maana yoyote pale. Nikasema hajawahi kuelewa wimbo tangu nimfahamu. Alikuwa amesimama sasa, kidole juu, akinieleza, nami nikamwambia aache maneno mengi, arudishe sindano.